MBONA NYATITI HAIMO NDANI YA SIMU?

Na msichana wa Kidato cha Tatu



Safari hii sikuleta shairi, wala ile hadithi ya sungura na fisi ambayo mhariri amechoka kuipokea. Nina jambo linalonikereketa tangu likizo ya Desemba, na nimeona heri nilitoe hapa katika jarida la chama chetu, lisomwe na wanaokubali na wanaokataa, kuliko kunung'unika nalo peke yangu njiani kila asubuhi.

Wanaokaa Mowlem wanajua kwamba kwetu maji huja yanapotaka yenyewe. Yakija, ploti nzima hushuka na mitungi, na foleni huwa ndefu kuliko ya kura. Siku moja ya foleni kama hiyo nilisikia muziki wa nyuzi, laini kabisa. Nikageuka. Kumbe ni mdogo wangu, aliye Gredi ya Sita, amekalia mtungi mtupu na simu ya mama i mapajani. Vidole vinatembea juu ya kioo, na kioo kinalia kama kinanda.

Binamu yetu anayekaa nasi anajifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi. (Hiyo ndiyo ya kwanza ya aina yake kufunguliwa Afrika, mwaka wa 2005.) Ndiye aliyeitia simu ya mama programu ya kufunza ala za jadi za Wachina. Usiku huo niliikagua, nami nakiri kwamba aliyeitengeneza ni mtu mwenye akili. Ukifungua unaona ala zimepangwa kama vyombo kabatini. Ukigusa guzheng, ambayo ni kinanda kirefu kinacholazwa kama ubao, nyuzi zake 21 zinajaa kioo chote. Gusa uzi, unalia. Kuna picha ya kukuonyesha ni kidole kipi kivute uzi upi, kuna maelezo ya mahali ala ilikotoka, na kuna mtihani mdogo ambao ukifaulu unapewa nyota. Ukigusa erhu unaona zeze la nyuzi mbili lililowambwa ngozi ya chatu, na unaelezwa kwamba upinde wake hupita katikati ya nyuzi hizo mbili. Hata sikujua jambo kama hilo linawezekana.

Kwa wiki mbili mdogo wangu alipata nyota nyingi kuliko alama zangu za Hisabati. Mama mmoja wa ploti ya pili alisimama na ndoo kichwani akasikiliza, kisha akasema, "Huyu mtoto ataenda China, mtaona."

Nilifurahi, sitadanganya. Lakini usiku huo huo niliichukua simu nikatafuta nyatiti. Nilipata video za watu wakipiga, nyingine nzuri ajabu, lakini programu ya kunikalisha chini na kunifunza uzi baada ya uzi, kwa picha na mtihani na nyota, sikuiona. Nikatafuta litungu. Nikatafuta obokano. Bando la mama likaisha, nikagombezwa.

Sasa mtaniuliza, kwani nyatiti inakuhusu nini wewe wa Mowlem? Inanihusu sana. Babu yangu mzaa baba anaishi Siaya, naye hupiga nyatiti. Nasema hupiga, sisemi alipiga, ingawa vidole vimeanza kumkaidi.

Kwa wasioijua, nyatiti ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi 8. Mpigaji hukalia kigoda kifupi karibu kabisa na ardhi, ala imemlalia ubavuni, akavuta nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete nzito ya chuma iitwayo oduong'o, na kwa pete hiyo huigonga ala ili kuweka mapigo. Mguu huo huo huvishwa njuga, ambazo huitwa gara. Na wakati mikono na mguu vinafanya kazi yote hiyo, mdomo unaimba. Unasifu watu kwa majina yao, unachekesha, na matangani unawatoa wazee machozi. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe, siku hizi ni nailoni ya wavuvi. Wazee husema nyuzi 4 ni za siku za kwanza za mtoto wa kiume anapozaliwa na nyuzi 4 ni za siku za mwisho za mwanamume anapokufa. Haya yote sikuyasoma katika kitabu chochote cha shule.

Tulichosoma ni nini? Katika shule ya msingi tulikariri ala za muziki kama orodha ya sokoni: zeze, zumari, njuga, kayamba, udi, siwa. Picha ya zeze ilikuwa ndogo kama stempu, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba nyatiti ni zeze. Si zeze! Zeze la Wajaluo ni orutu, lenye uzi mmoja, hupigwa kwa upinde, na mzinga wake huwambwa ngozi ya kenge. (Linganisheni wenyewe: Mchina chatu, Mjaluo kenge. Bila shaka watu hawa wawili wangeelewana.) Hata sasa katika Fasihi Simulizi tunaambiwa tufafanue ngomezi. Tunaandika kwamba ni sanaa ya kupeleka ujumbe kwa mapigo ya ngoma, tunapewa alama 2, tunaendelea. Ni nani darasani amewahi kuisikia ngoma ikipeleka ujumbe? Nyooshe mkono nimwone. Mtu anaweza kupata A ya Kiswahili na hajui sauti ya kitu hata kimoja kati ya vitu alivyovitaja.

Hapo ndipo ninaposema programu kama ile ya Wachina ingetufaa. Neno lina maana, na ala ina sauti. Kitabu hakiwezi kulia, simu inaweza.

Kuna sababu nyingine, na hii ni yangu mwenyewe. Kimila nyatiti ni ya wanaume. Kaka yangu anaruhusiwa kuigusa lakini hataki, masikio yake yamezibwa na visikizi kuanzia asubuhi hadi usiku. Mimi ninayetaka siruhusiwi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuvuta uzi mmoja babu akiwa shambani, na nyanya akanikimbiza kwa mwiko. Nawaheshimu wote wawili na sikuandika haya ili kuwashtaki kwenu. Nilimtajia babu habari za Anyango, yule mwanamke wa Japani ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eriko Mukoyama. Alikuja hadi Siaya, akafunzwa na mzee bingwa, na sasa anajulikana duniani kwa kupiga nyatiti. Babu alicheka. "Yule alikuwa mgeni, nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu. "Mgeni huvumiliwa."

Basi fikirini. Mwanamke atoke Japani aifunzwe, na mimi nitoke Mowlem nikimbizwe kwa mwiko. Simu ya mama haikumwuliza mdogo wangu kama yeye ni mvulana au msichana kabla ya kumwonyesha guzheng.

Nimelisema jambo hili mara kadhaa na nimepingwa. Mwalimu mmoja nimpendaye, ambaye simtaji asije akaninyima alama, aliniambia, "Simu ndiyo iliyoiua nyatiti, sasa unataka pia iizike?" Darasa lilicheka, na mimi nikacheka. Baadaye nikamwuliza baba. Akasema wapigaji wa kijiji chao walianza kukosa mialiko kabla mtu yeyote pale hajamiliki simu. Zilikuja jenereta na spika, watu wakataka disko matanga, na mpiga nyatiti akaambiwa apige kidogo tu mchana wageni wakila. Simu imekuta maiti, haikuua mtu. Tena chombo cha kurekodi si adui. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alizunguka na mashine yake akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo ambao jina lake lilitokana na mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers waliyemsikia kwenye santuri. Leo bado tunawasikia wasichana wale. Linaloniudhi ni kwamba rekodi ziliwekwa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 ilipita kabla nakala hazijarudishwa kwa wenyewe. Siku hizi kuna watu wa hapa hapa Nairobi, Ketebul Music, ambao tangu 2011 katika mradi uitwao Singing Wells wamekuwa wakienda vijijini kote Afrika Mashariki kurekodi. Hao nawavulia kofia. Ila kurekodi ni kusikiliza. Mimi naomba kufunzwa.

Rafiki yangu wa karibu naye aliniuliza, "Utakula nyatiti?" Nikamjibu kwamba Ayub Ogada aliila. Wimbo wake Kothbiro ulitiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005, ukasikika dunia nzima, na alipofariki mwaka wa 2019 walimlilia watu ambao hawajui Kijaluo hata neno moja. Leo Labdi Ommes, ambaye ni mwanamke, anapiga orutu jukwaani. Kenge Kenge wamesafiri nchi nyingi na orutu yao. Siwadanganyi kwamba kila mpigaji hutajirika, babu yangu ana ng'ombe 2 tu. Lakini na huyo anayeuliza, je, Kemia yake ameshaila?

Wa tatu alisema eti naleta ukabila. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Hebu angalieni darasa letu. Tuna Wabukusu, na litungu ni yao. Tuna Wakisii, na obokano ni yao, ile kubwa inayonguruma hata ukiwa nje ya boma. Wamijikenda wana kayamba na chivoti. Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma tatu zinazopigwa pamoja, ya baba, ya mama na ya mtoto. Mimi nataka zote ziwe katika kabati moja, na lugha ya maelezo iwe Kiswahili, ili mtoto wa Kisii aisome nyatiti na mimi niisome obokano. Ni lugha gani nyingine ingeweza kazi hiyo katika ploti yetu, ambayo ghorofa ya kwanza pekee ina makabila sita? Ndiyo maana nimelileta jambo hili kwa chama cha Kiswahili.

Tena wakati hautungoji. Shirika la UNESCO lina orodha ya mambo ya jadi yanayohitaji kuokolewa haraka. Mwaka wa 2012 liliandika humo bigwala, tarumbeta za vibuyu za Wabusoga wa Uganda, ambazo wajuzi wake walikuwa wamebaki wazee wachache tu. Mwaka wa 2014 likaandika isukuti yetu. Mwaka wa 2016 likaandika kinubi cha Wamadi, pia wa Uganda. Guqin ya Wachina ilitambuliwa na shirika hilo hilo mwaka wa 2003 kuwa hazina ya wanadamu. Ya kwao iko katika kabati la hazina, za kwetu ziko katika wodi ya mahututi.

Lakini mtu asinisikie vibaya akaja kufuta programu ya mdogo wangu. Kitu cha kigeni hakiui kitu cha nyumbani kikipata mwenyeji mwenye akili. Pwani wanalijua hili kutushinda. Kuna ala iitwayo taishokoto, ambayo ilibuniwa Japani mwaka wa 1912. Ina nyuzi na vibonye kama vya taipureta. Ilivuka bahari ikafika Mombasa, wakaiunganisha na spika na kuitia katika taarabu, na ukisikiliza nyimbo za Zuhura Swaleh utadhani ilizaliwa Mji wa Kale. Udi na kanuni nazo zilikuja na majahazi, na Unguja kuna chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kinachozifunza tangu mwaka wa 2002. Chuo hicho nacho kilikaribia kufungwa mwaka wa 2019 kwa kukosa fedha, kwa hiyo asije mtu akasema kwamba walimu wako tele na simu haihitajiki.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwa maana kulalamika ni rahisi. Programu ya nyatiti ikitengenezwa na mtu asiyeijua nyatiti, itakuwa uongo mtupu. Babu hakazi nyuzi kwa kufuata piano. Hukaza kwa kufuata sauti yake ya siku hiyo. Akiwa na mafua, nyatiti nayo hushuka. Mpigaji wa kijiji cha pili hukaza kwa namna yake. Kwa hiyo fundi akichukua sauti za piano na kuchora nyuzi 8 juu yake, atakuwa ametupa kinanda kilichovaa kanzu ya nyatiti. Lazima sauti zitoke kwa wazee wenyewe, na jina la kila mzee liandikwe pale, na kama kuna pesa alipwe. Pia iwe inafanya kazi bila bando, kwani wengi wetu tunaazima simu za wazazi. Na kuna jambo ambalo hata fundi hodari hataliweza: simu haina kidole gumba cha mguu. Ile pete ya oduong'o utaigonga wapi? Nimejaribu kugonga sakafu kwa kisigino huku nikigusa kioo, na jirani wa chini akapanda kuuliza kama tunahama. Kioo kitatufikisha mlangoni tu, ndani ni lazima uende ukakae na mzee.

Nimefika mahali palipo pagumu kwangu.

Desemba tulikwenda Siaya. Nilimwomba babu nimrekodi uzi mmoja mmoja, ili zile sauti 8 ziwe mwanzo wa programu. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikataa, tena kwa ukali, na nyanya akaniangalia kwa jicho la mwiko. Siku ya tatu aliniita chini ya mwembe. Nyatiti ilikuwa imeshatolewa nje na kigoda kipo.

"Leta hiyo simu yako," akasema. "Simu si msichana."

Niliiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma hatua tatu kama alivyoniagiza. Akavuta uzi wa kwanza, akauacha ulie hadi ukanyamaza wenyewe. Akaniambia jinsi alivyouita alipokuwa akifunzwa na mjomba wake. Uzi wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulimkumbusha harusi moja ya zamani, akasimulia harusi nzima, nami sikuthubutu kumkatiza. Wa nne. Wa tano. Hapo alianza kukohoa, akasema vidole vimechoka, zilizobaki tutamalizia kesho. Mimi nilikuwa nimekaa mbali na ile nyatiti, lakini nawaambia sijawahi kuwa karibu nayo kama siku ile.

Kesho yake baba alipigiwa simu na tajiri wake, likizo ikakatwa. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa ndani ya basi. Mwezi wa Februari babu alipatwa na ugonjwa, na mkono wake wa kushoto sasa haufungi vizuri. Anakula kwa mkono wa kulia na anazungumza bila shida. Nyatiti inaning'inia ukutani.

Kwa hiyo ndani ya simu ya mama kuna ala ya Kichina yenye nyuzi 21, na nyatiti yenye nyuzi 5.

Ombi langu kwa chama ni hili. Likizo ya Agosti kila mwanachama atakayekwenda nyumbani amtafute mzee mmoja mwenye ala, awe ni wa litungu, wa kayamba, wa obokano au wa ngoma. Aombe ruhusa kwanza. Arekodi sauti moja moja, si wimbo tu, na aandike kwa Kiswahili jina la kila sehemu ya ala, inatengenezwa kwa nini, hupigwa lini na haipigwi lini. Asiye na kwao mashambani aulize katika ploti yake, atashangaa ni nani anayelala ukuta wa pili. Simu haziruhusiwi shuleni, nami sitaki kufukuzwa, kwa hiyo rekodi zije katika kadi na kukabidhiwa mwalimu mlezi wa chama, azitie katika kompyuta ya maabara. Wale wa somo la Kompyuta, ambao kila mwaka hutuonyesha mradi wa duka la kuuza viatu, nawaomba mwaka huu watutengenezee ukurasa wenye mistari 8 inayolia ikiguswa. Ni mistari na sauti tu, duka la viatu lina kazi zaidi.

Nauli yangu nimeanza kuiweka. Baba amesema ikifika nusu ataongeza. Nimezungumza na babu kwa simu Jumapili iliyopita, nikamwuliza kama uzi wa sita huvutwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nije na kaka yangu, na nimwambie akate kucha. Nikamwuliza, je, asipokubali kuja?

"Basi kata zako," akasema, akakata simu.